Mchanga Kwenye Kibofu cha Paka

Lubudi, katika mkoa wa Lualaba nchini Kongo, ni mji wa chokaa. Kiwanda cha saruji cha Cimenkat kilianza kumega mawe ya hapo enzi za Wabelgiji, na reli iliyotoka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ikafika Bukama mwaka 1918, ilipita papo hapo. Maji yanayopenya katika mawe ya namna hiyo huchukua kalsiamu, na mwenye kuchemsha chai kila asubuhi huiona ndani ya birika: ukoko mweupe unaonenepa mwezi hadi mwezi mpaka ukwanguliwe kwa kisu. Kwa hiyo paka dume akianza kuchuchumaa kila pembe ya nyumba, akijikamua na kutoa tone moja lenye damu, kisha mwenye darubini akasema mkojo wake una fuwele, ni rahisi lawama kwenda moja kwa moja kwenye birika. Kama maji yanaweza kuota mawe ndani ya chuma, kwa nini yasiote ndani ya kibofu?

Hoja inavutia, lakini hesabu inaikataa. Tuchukulie maji magumu hasa, yenye miligramu 120 za kalsiamu katika kila lita. Paka wa kilo 4 akinywa desilita moja kwa siku, amepata miligramu 12. Paka huyo huyo akila gramu 30 za kapenta mkavu, kichwa, miiba na yote, amemeza kalsiamu ya kiasi cha miligramu 900. Samaki wa kiganja kimoja amemletea madini mara 70 na zaidi kuliko bakuli lake la maji. Isitoshe, fuwele zinazoonekana sana katika mkojo wa paka hazina kalsiamu hata chembe.

Mjuzi wa mawe wa Kolwezi atanikatiza hapa, na ana haki: mawe ya ukanda wa shaba si chokaa tupu, mengi ni dolomiti, na dolomiti hubeba magnesiamu, ambayo kwa kweli imo ndani ya fuwele hizo. Sawa. Lakini hesabu ni ile ile. Maji yenye miligramu 30 za magnesiamu kwa lita yatampa paka wetu miligramu 3 kwa siku, na chakula chake kikavu kitampa mara nyingi ya hapo. Maji ya Lubudi yana kosa moja tu mbele ya paka, nalo ni kwamba hayamfikii ya kutosha.

Katika mkoa wa Lualaba, ambako watu wanaolijua jiwe la kobalti kwa kulitazama ni wengi, fuwele ya mkojo haina haja ya kuelezwa kama uchawi. Ni madini kamili, yenye jina na historia. Huitwa struvaiti. Mwaka 1845 mkemia Georg Ludwig Ulex aliieleza kutokana na fuwele zilizochimbuliwa Hamburg, Ujerumani, katika tabaka la samadi ya kale karibu na kanisa la Mtakatifu Nikolai, akaipa jina la Struve, mwanadiplomasia wa Urusi aliyependa mawe. Ndivyo wana-madini walivyozoea kuheshimiana. Hata sengieraiti, madini ya urani yaliyopatikana Luiswishi karibu na Lubumbashi, yalipewa jina la Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière. Struvaiti imeundwa kwa magnesiamu, amonia, fosfati na maji, vitu ambavyo kila mkojo wa mla nyama unavyo. Ni jiwe dhaifu. Malakaiti, lile jiwe la kijani la shaba, hufika karibu 4 katika kipimo cha Mohs. Struvaiti haivuki 2, ukucha unaikwaruza.

Udhaifu wake wenye faida, hata hivyo, ni mwingine: huyeyuka. Mkojo ukiwa na asidi kidogo na maji mengi, struvaiti haijengeki, na iliyokwisha kujengeka humomonyoka. Mkojo ukipoteza asidi na kuwa mzito, hukua. Ndugu yake, oksaleti ya kalsiamu, hana tabia hiyo. Yeye hapendi kuyeyuka kwa chakula chochote, na asidi inayomwondoa struvaiti humfungulia mlango yeye. Tofauti hii ya mawe mawili ndiyo iliyowasumbua watengenezaji wa chakula cha paka duniani kwa miongo minne, na ndiyo inayomfanya mtu mwenye busara asikimbilie kumlisha paka wake limau.

Mnyama wa jangwani jikoni

Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Karibu, *Felis lybica*. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wa nyumbani wa dunia nzima wanarudi kwa ukoo wa Mashariki ya Karibu, na jamaa zao wa mwituni wangali wanawinda panya katika mbuga za savana za Afrika, za Katanga zikiwemo. Mnyama huyo alijengwa kwa nchi isiyo na mito. Figo zake hukamua maji mpaka tone la mwisho na kutoa mkojo mzito kuliko wetu. Kiu yake ni ndogo, kwa sababu maji yake aliyala: karibu asilimia 70 ya mwili wa panya ni maji. Paka anayekula panya wanane au kumi kwa siku anaweza kupita karibu na kisima bila kukitazama.

Mwondolee panya, mpe chakula kikavu, kisha mtegemee akumbuke kunywa. Hakumbuki. Au anakumbuka nusu. Paka wa kilo 4 anahitaji maji ya kiasi cha mililita 200 hadi 250 kwa siku, ya kula na ya kunywa pamoja. Akilishwa chakula kikavu atakunywa zaidi kuliko mwenzake anayekula nyama, ila jumla ya maji yanayopita mwilini mwake hubaki chini. Mkojo unapungua, unakaa muda mrefu kibofuni, na yaliyoyeyuka ndani yake yanaanza kujitenga, kama chumvi inavyojitenga katika chungu cha mwanamke wa ufukweni anayechemsha maji ya bahari.

Sasa tuangalie sahani ya paka wa Lubudi. Sizungumzii paka wa nyumba ya meneja wa mgodi huko Fungurume, mwenye mfuko wa chembe kavu kutoka dukani, huyo tutamfikia. Nazungumzia paka aliyewekwa nyumbani kwa ajili ya panya wa ghala la mahindi, anayepewa mabaki. Mabaki hayo ni bukari, yaani ugali wa mahindi, mara nyingi na kijiko cha mchuzi, na juu yake kichwa cha samaki. Samaki mwenyewe hutoka mbali. Anakuja kutoka maziwa ya Upemba kupitia Bukama, akiwa amebanikwa kwa moshi, au amechanwa, akatiwa chumvi na kuanikwa hadi akawa mgumu kama ubao wa kuandikia. Hao ndio bitoyo. Kapenta wa maziwa makubwa hufika wakiwa wakavu ndani ya magunia. Samaki wa barafu, thomson, hupatikana kule penye friji na umeme wa kuaminika.

Kila kimoja katika sahani hiyo kina athari yake kwa kibofu. Bukari ina maji, na hilo ni jema lake pekee kwa paka. Wanga wa nafaka hauuachi mkojo na asidi. Mla nyama anayeshibishwa mahindi hupata mkojo ulioelemea upande ule ule ambao struvaiti inaupenda. Nyama hufanya kinyume, kwa sababu ya salfa iliyomo katika protini yake. Kapenta mzima mkavu ana protini nzuri, lakini ana asilimia 10 tu hivi ya maji, na mifupa yake ni ghala la fosfati na magnesiamu. Samaki mbichi yule yule, kabla ya jua kumkausha, alikuwa na maji asilimia 75. Jua la sokoni limeondoa dawa na kuacha sumu. Nasema sumu kwa kutia chumvi kidogo. Paka mwenye afya, anayezurura na kuwinda, anaweza kula kapenta maisha yake yote asione tatizo. Ninayemhofia ni dume aliyehasiwa, aliyenenepa, anayelala ndani mchana kutwa na ambaye sahani hiyo ndiyo riziki yake yote.

Bitoyo ni kesi ngumu zaidi, na hapa watu wenye elimu nusu huteleza. Watasema: si hata vyakula vya hospitali vya paka wenye mawe huongezwa chumvi ili wanywe maji? Ndiyo, baadhi huongezwa. Huongezwa kwa kipimo, ndani ya chakula ambacho magnesiamu na fosfati yake vimepunguzwa, kwa paka ambaye daktari amekwisha kujua kwamba moyo na figo zake ni nzima. Kipande cha bitoyo hakina kipimo. Kinaleta chumvi, miiba na ukavu kwa mpigo mmoja. Ukikosa kabisa kingine, kilowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kichemshwe katika maji mapya, miiba yote itolewe, na nyama ipondwe. Hapo kinakuwa samaki wa kawaida, hafifu kidogo, wa kuvukia siku moja au mbili.

Mchuzi wa jana usimpe. Kitunguu, kiwe kibichi, kilichokaangwa au kilichosagwa ndani ya kipande cha kiungo cha supu, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa, na hakuna haja ya kumwongezea.

Somo la Wamarekani

Mwenye mfuko wa chembe kavu asijione amesalimika. Kisa cha mawe ya paka katika nchi tajiri ni kisa cha mifuko hiyo hiyo. Katika miaka ya 1970 na 1980 madaktari wa wanyama wa Marekani waliona madume wengi mno wakiziba mkojo, wakatafuta mkosaji. Kwanza walilaumu majivu, yaani jumla ya madini yanayobaki chakula kikiunguzwa, na makampuni yakaanza kujisifu kwenye mifuko kwamba chakula chao kina majivu kidogo. Kisha ikaonekana kwamba majivu kwa ujumla wake hayasemi kitu. Magnesiamu ndiyo yenye kesi. Halafu Tony Buffington na wenzake wakaonyesha kwamba hata magnesiamu inategemea imekuja na nani: magnesiamu iliyoongezwa kama oksidi, ambayo huondoa asidi ya mkojo, ilileta fuwele, na ile iliyoongezwa kama kloridi, ambayo huongeza asidi, haikuleta. Kumbe hali ya mkojo ilikuwa na nguvu kuliko madini yenyewe.

Viwanda vikabadilisha vyakula kwa wingi: magnesiamu chini, asidi juu. Struvaiti ikapungua. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, ambako Carl Osborne alianzisha kituo cha kuchunguza mawe ya mkojo mwaka 1981, mawe ya paka yaliyoletwa mwaka huo wa kwanza yalikuwa struvaiti karibu asilimia 78, na oksaleti asilimia 2 tu. Kufikia 2002 mambo yalikuwa yamegeuka: oksaleti karibu asilimia 55, struvaiti 33. Tusizimeze takwimu hizi nzimanzima. Kituo kile hupokea mawe yaliyotolewa, na struvaiti iliyoyeyushwa kwa chakula haiendi Minnesota kwa posta. Hata hivyo mgeuko ulikuwa mkubwa mno kuelezwa kwa sababu hiyo pekee. Walizima moto chumba kimoja, ukawaka cha pili.

Jambo ambalo halikubadilika kati ya mfuko wa 1975 na mfuko wa 1995 ni ukavu wake. Chembe hizo zina maji asilimia 8 hadi 10, kama kapenta mkavu. Mkojo mwembamba huzuia struvaiti na huzuia oksaleti pia, bila kuuliza jina la jiwe, na ndiyo maana namwamini mpishi mwenye sufuria ya maji kuliko mfuko wenye picha ya paka anayetabasamu. Mfuko ulioandikwa kwamba unalinda njia ya mkojo, ukiuzwa pamoja na sabuni na mchele katika duka la Kolwezi baada ya kuvuka mpaka wa Kasumbalesa, si lazima uwe ndicho chakula cha tiba ambacho daktari huandika. Cha tiba kimetengenezwa kuyeyusha jiwe. Cha dukani mara nyingi kimetengenezwa kutuliza wasiwasi wa mnunuzi. Vyote viwili, ukivipata, viloweke: kipimo kimoja cha chembe kwa kimoja na nusu au viwili vya maji ya uvuguvugu, viache vivimbe, mpe paka, na kilichobaki baada ya saa moja au mbili kitupwe, kwani joto la Oktoba halisubiri.

Kabla ya kuwasha jiko

Yote haya ni kwa paka anayekojoa. Paka asiyekojoa hana habari na chakula.

Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba, na kwenye ncha yake huwa mwembamba zaidi. Fuwele zikichanganyika na ute huunda kizibo laini kama dawa ya meno. Jike huumwa lakini huziba kwa nadra sana. Dume aliyeziba huenda kwenye mchanga wake mara kumi kwa saa moja, hukaza, hulia, hujilamba chini, na haachi kitu. Wengi hudhani amefunga choo, wakampa mafuta ya mawese. Ukilishika tumbo lake taratibu upande wa nyuma utakuta kitu kigumu cha mviringo, kama chungwa dogo. Ndani ya saa 24 uchafu unaanza kurudi kwenye damu. Potasiamu inapanda, moyo unapungua mwendo. Anaanza kutapika, kisha anatulia, na utulivu huo ndio unaowadanganya watu kwamba amepata nafuu. Wengi hawamalizi siku tatu au nne.

Usilibonyeze tumbo kwa nguvu. Kibofu kilichojaa hupasuka. Usimnyweshe maji kwa bomba la sindano, maana hayana pa kutokea. Na usimpe parasetamoli: kidonge ambacho kila nyumba inacho, kipande chake tu kinatosha kumuua paka, kwa kuwa ini lake halina njia ya kutosha ya kukishughulikia. Antibiotiki za duka la dawa nazo hazimsaidii. Struvaiti ya mbwa mara nyingi huletwa na vijidudu, ya paka mara nyingi haina kijidudu hata kimoja.

Anahitaji mtu wa kumpitishia katheta, akiwa amelazwa kwa dawa, na kumsafisha kibofu. Kwa Lubudi hili si jambo dogo. Kelele zote za ukanda wa reli ya Lobito hazikuleta treni zake hapa. Shehena yake hufuata njia ya Tenke, Kolwezi na Dilolo, na Lubudi iko kwenye tawi jingine, lile la Bukama na Kamina. Barabara wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, kila mtu anaijua. Lubumbashi kuna kitivo cha tiba ya mifugo cha chuo kikuu, lakini paka aliyeziba anaweza asifike.

Kuna mtu wa karibu zaidi ambaye wenye paka humsahau. Afisa wa mifugo wa teritwari, ambaye siku zake hupita kwenye mbuzi, kuku na ukaguzi wa nyama, anaweza kusema kwamba paka si kazi yake. Mwulizeni kuhusu mbuzi dume aliyehasiwa, aliyenoneshwa kwa pumba za mahindi, anayesimama akikaza na asikojoe. Huyo anamjua vizuri. Ni ugonjwa ule ule, na mara nyingi jiwe lile lile la struvaiti, kwa sababu zinazokaribiana: nafaka nyingi, fosfati nyingi, maji kidogo, kuhasiwa mapema. Mkono uliowahi kushughulika na mbuzi wa namna hiyo unaelewa paka anahitaji nini, na mpira mwembamba wa kulishia watoto wachanga, ule unaopatikana hospitalini, umewahi kutumiwa na madaktari wengi kama katheta ya paka. Zungumzeni na afisa huyo mapema, kabla ya usiku wa dharura.

Na kama hakuna mtu, hakuna dawa ya usingizi, na siku ya pili imepita, kumwomba huyo huyo amalizie mateso ya paka kwa sindano ni wema. Sioni sababu ya kulizungukia neno hilo.

Sufuria

Tuseme sasa kwamba anakojoa, japo kidogo kidogo, na daktari ameona struvaiti. Mwulize kwanza mkojo ulikaa muda gani kabla ya kutazamwa. Mkojo uliowekwa kwenye friji au uliosafirishwa nusu siku huzaa fuwele ndani ya chupa, ambazo kibofuni hazikuwepo. Na fuwele chache kwa paka asiye na dalili yoyote si ugonjwa. Paka wengi wazima wanazo.

Chakula cha wiki za kuyeyusha jiwe kiwe nyama yenye maji. Kuku, mbuzi au samaki asiye mkavu, wachemshwe bila chumvi, bila kitunguu, bila kiungo chochote cha kununua. Mifupa na miiba yote nje: hilo ndilo ghala tulilolisema. Nyama ikatwe ndogo au ipondwe, kisha irudishiwe supu yake yote iliyochemkia. Supu hiyo haina budi. Paka hawezi kujitengenezea taurini ya kutosha, kiungo kidogo kinachoshikilia moyo na macho yake. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Davis, California, walionyesha kwamba paka waliokuwa wakifa kwa moyo uliolegea walikuwa wamepungukiwa nayo, tena wengine wakiwa wanakula vyakula vya viwandani vilivyosifiwa kuwa kamili. Taurini hutoka kwenye nyama na kuingia kwenye maji ya kuchemshia. Anayemwaga supu amemwaga taurini. Moyo wa mbuzi au wa kuku unayo nyingi, na machinjioni hauna bei ya paja. Uingie sufuriani kila mara. Ini liwe kipande kidogo tu, mara moja au mbili kwa wiki, kwani vitamini A ikizidi huvimbisha mifupa ya shingo. Samaki wa mtoni asiliwe mbichi. Wapo wenye kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na moto hukiua.

Paka wa kilo 4 hutosheka na gramu 150 hadi 180 za nyama iliyopikwa kwa siku, akigawiwa mara tatu au nne. Kila mlo uongezwe vijiko viwili vya chakula vya maji au supu, vifike vitatu au vinne akizoea, mpaka sahani ifanane na uji mzito. Paka mkaidi atalamba supu na kuacha nyama. Mwache, supu ndiyo tunayoitaka, nyama ataila jioni. Bakuli za maji ziwe mbili tatu, pana, mbali na sahani na mbali na mchanga wake. Maji ya kisima yaliyochemshwa yanafaa, ya mvua yaliyokingwa vizuri yanafaa, ya bomba yanafaa. Usinunue ya chupa kwa sababu ya chokaa. Pesa hiyo inunulie moyo wa mbuzi.

Magadi na soda ya kupikia visikaribie sahani hiyo, maana huondoa asidi. Siki na limau paka hatavikubali, na akivikubali kwa hila hutajua umefika wapi. Vidonge vya vitamini C navyo mwilini hugeuka oksaleti kwa sehemu, yaani unajenga lile jiwe la pili. Kwa sababu hiyo hiyo paka aliyewahi kuwa na oksaleti asichanganyiwe lengalenga kwenye chakula chake, desturi ya baadhi ya nyumba zinazotaka chakula kionekane kingi.

Mlo huu una ukomo. Nyama bila mifupa haina kalsiamu ya kutosha kwa maisha; paka mkubwa huvumilia wiki kadhaa, mtoto wa paka havumilii, mifupa yake italegea. Ikizidi miezi miwili, uliza kwa daktari mlo uliokamilika, au rudi kwenye chakula cha kiwandani chenye maji, kile cha kopo, ukiweza kukipata, au zile chembe zilizolowekwa. Na katika wiki za kuyeyusha jiwe, chakula kingine chochote kinaharibu kazi. Jirani anayerusha kichwa cha kapenta juu ya uzio anarudisha mambo nyuma bila kujua, kwa hiyo aambiwe.

Nimeacha kwa makusudi jambo moja ambalo Buffington mwenyewe aliligeukia baadaye. Paka wengi wanaokojoa damu, zaidi ya nusu, hawana jiwe wala kijidudu. Kibofu chao kimevimba kwa sababu ya dhiki: nyumba imehamwa, paka mwingine ameingia, mtoto anamvuta mkia, sanduku la mchanga liko karibu na jenereta. Mwaka 2011 aliandika kwamba ugonjwa huo si wa kibofu pekee. Katika miji ya mgodi, ambako familia huhamishwa pamoja na mkataba wa kazi na milipuko ya machimbo hutikisa vioo, naamini paka wa namna hiyo ni wengi. Supu haimdhuru. Lakini huyo anahitaji pia kona yake ya kujificha, mahali pa juu pa kukaa, na ratiba isiyobadilika.

Kama kweli ni struvaiti, matokeo huonekana upesi. Jiwe la aina hiyo kibofuni huyeyuka kati ya wiki moja na tano za mlo wa tiba uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Sufuria ya nyumbani huenda taratibu zaidi na bila uhakika ule. Kipimo cha mwenye nyumba ni mchanga wa paka. Mabonge ya mkojo yawe makubwa na machache, mawili hadi manne kwa siku, mepesi kwa rangi na kwa harufu. Vidoadoa vingi vidogo ni dalili mbaya. Damu ikiendelea baada ya wiki tano za mlo uliofuatwa bila kuchepuka, jiwe lile huenda ni oksaleti, na kwa huyo hakuna sahani itakayoliondoa: safari ya Lubumbashi, kwa ajili ya picha na upasuaji, ipangwe wakati paka angali anakojoa na barabara ingali kavu.